Mnyama wa Sita

Siku mdogo wangu alipokuja kunitafuta kambini, hakukuwa na mtu aliyelijua jina langu.

Alifika mchana, ameletwa na bodaboda kutoka Mugumu, vumbi hadi kwenye kope. Mlango wa wafanyakazi uko upande wa jikoni, kwa hiyo alianzia huko. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo ya kuni nikikaza waya wa uzio, na nilisikia sauti yake kabla sijamwona. Ningeweza kutoka mara moja. Nilisimama kidogo nikisikiliza, nadhani nilitaka kumsikia akinitaja.

"Shikamoo mama," alimwambia mpishi. "Namtafuta kaka yangu."

"Marahaba. Kaka yako nani?"

Akalitaja jina langu, akaongeza na la baba yetu, kama tulivyoitwa shuleni.

Mpishi alifikiri. "Humu? Hatuna mtu huyo." Akamgeukia kijana aliyekuwa anamenya viazi. "We, kuna mtu anaitwa hivyo humu?"

"Labda wale mafundi wa paa," kijana akasema. "Ila wameshaondoka."

"Ni mlinzi," mdogo wangu akasema. "Mrefu. Kwao Susuni."

"Aaa!" Mpishi alipiga kofi pajani. "Wa Sita! Dada, si ungesema Wa Sita tangu mwanzo, unatuhangaisha! Wa Sita! Una mgeni huku!"

Na mimi nikaitika. Nilitoka nyuma ya stoo nikisema, "Naam, nakuja."

Alinisalimia kwa heshima, kisha akacheka. "Tata, wamekuficha. Wa Sita ndiyo nani?"

Tata ni baba kwa Kikurya. Mimi si baba yake, ila ndivyo alivyoniita tangu ajue kusema.

"Nilikuwa mlinzi wa sita kuajiriwa," nikamwambia.

Kijana wa viazi alikohoa. Mdogo wangu aliangalia huku na huku. "Kwani walinzi mko wangapi?"

"Wanne. Wengine waliacha."

Akaridhika, au alijifanya ameridhika. Nilibeba begi lake nikampeleka kwenye banda la wafanyakazi wa kike. Njiani alinieleza habari za nyumbani, na mimi nilikuwa nikijibu huku nikipiga hesabu ya jinsi ya kuimaliza siku hiyo bila yeye kujua.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujamaliza kuzoea kwamba baba hayupo. Nilikuwa kidato cha pili. Wadogo zangu walikuwa watatu, na huyu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kuta. Ndugu walikaa, wakasema watoto wagawanywe, huyu aende kwa shangazi, huyu ng'ambo ya Sirari kwa wajomba. Nilikataa. Sikuwa na hoja, nilikataa tu, na kwa kuwa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume akishatahiriwa huhesabiwa mtu mzima, waliniacha nijaribu, wakitegemea nitashindwa. Sikurudi shule tena. Nililima, nikabeba matofali, nikajifunza kusuka nywele za mtoto kwa kuangalia mikono ya jirani. Nilizisuka vibaya kwa muda mrefu.

Katika miaka hiyo ndipo nilipopata kovu nililo nalo mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni hadi karibu na kifundo. Nilikuwa napika uji wa mtama. Huyu mdogo alitambaa akafika mekoni, akashika mpini wa mwiko, sufuria likaelemea upande wake. Nilipitisha mkono. Yeye alirukiwa na matone machache, mimi nikaupata uji wote. Alipokua, akiwa na usingizi, alikuwa na tabia ya kulipapasa kovu lile kwa kidole akiuliza, "Huu ni uji wangu?" Namjibu, "Huo ni uji wako." Alilala hivyo kwa miaka.

Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kupigana na mtu. Nalisema hili kwa sababu ya yale yanayofuata. Katika umri wote ule ambao vijana wenzangu walikuwa wakichokozana minadani na kwenye ngoma, mimi nilikuwa nawahi nyumbani kabla mtoto hajaamka. Nilipita kando ya ugomvi kama mtu anayepita kando ya tope akiwa na viatu vya kuazima.

Kazi ya kambini niliipata bila kuulizwa ninajua nini. Kambi hiyo iko nje kidogo ya Robanda, ni ya mahema makubwa yenye vitanda na mabafu ndani, inapokea watalii wanaokwenda hifadhini. Tulisimama getini wanaume kadhaa. Wengine walikuwa Waikoma wa palepale, waliozaliwa na kukua wakifukuza tembo kwenye mashamba yao. Meneja wetu, mama wa makamo kutoka mjini, alitoka akatuangalia na kuuliza jambo moja tu.

"Nani hapa ni Mkurya?"

Niliinua mkono.

"Wewe ingia. Wengine asanteni."

Mmoja wa wale walioachwa, mzee wa Kiikoma, aliniambia kwa utani wakati napita, "Haya, mwizi wa ng'ombe, umepata kazi ya kulinda." Tulicheka wote. Baadaye yeye pia aliajiriwa, na ndiye aliyenifundisha kusimama tembo anapopita, jinsi ya kujua upepo unakotoka, na kwamba fisi hacheki kwa kufurahi. Bila yeye ningekimbia wiki ya kwanza. Mimi niliogopa kila kitu kilichotembea gizani, ila ilikuwa imeshaamuliwa kwamba siogopi, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kila jioni kabla ya chakula wageni hukaa kuzunguka moto. Kambini alikuwepo mwongoza wageni, kijana mwenye ulimi mwepesi, anayejua kuwafanya watu wachoke kwa kucheka. Sitataja kabila lake. Nikilitaja, nitakuwa namfanyia alichonifanyia. Jioni moja, katika msimu wangu wa kwanza, aliniita pembeni akanivisha shuka jekundu na kunipa mkuki. Nilimwambia kwetu Susuni mwanaume huvaa koti na mabuti ya mvua.

"Mura," akasema, neno la kwetu la kumwita kijana, na wote wanaotuita hivyo hudhani wanatupendeza, "hawa hawakupanda ndege kuja kuona koti."

Akanielekeza nisimame gizani nyuma ya mti mpaka atakaponyoosha kidole. Akaanza kuhesabu kwa Kiingereza wanyama wakubwa ambao wageni huja kuwatafuta: simba, tembo, nyati, chui, kifaru. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vikaisha. Kisha akainua kidole kimoja cha mkono wa pili na kukielekeza kwangu. Nikatoka. Mama mmoja alipiga kelele, halafu wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Baadaye nilimuuliza mhudumu aliyekuwa anagawa vinywaji, "Alisemaje pale?"

"Amesema, watano mmewaona hifadhini, sasa mwoneni wa sita. Kwamba wewe ndiye mnyama wa sita."

Nikacheka tena, safari hii nikiwa nimeelewa.

Hapo ndipo ninaporudi mara nyingi kichwani. Cheko la kwanza nalisamehe. La pili nilikuwa na habari zote mkononi.

Kesho yake jikoni waliniita Wa Sita. Madereva wakafuata, kisha watu wa dobi, kisha meneja mwenyewe kwenye redio ya upepo: "Wa Sita, Wa Sita, njoo mapokezi." Neno likikaa mahali kwa muda halinuki tena, kama wafanyakazi wa machinjio wasivyosikia harufu. Nilikuwa nikipokea salamu za sikukuu kwa jina hilo. Kwenye moto nilijifunza kukunja uso, kukanyaga chini kwa kishindo, kuguna. Mwongoza wageni alikuwa akinishika mkono wa kushoto na kuwaonyesha kovu, akieleza jambo, na mimi natikisa kichwa kukubali. Mwanzoni mhudumu alinitafsiria: alikuwa anasema simba. Nikaona ni uongo wa kuchekesha. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, na kwa kasi ile ya maneno nilikuwa naambulia neno moja moja. Basi nikaacha kuuliza.

Nilipopiga simu nyumbani niliwaeleza wadogo zangu kila kitu cha kambini. Niliwaeleza fisi aliyebeba kiatu cha mgeni, tembo aliyekunywa maji ya bwawa la kuogelea. Habari ya moto sikuieleza hata mara moja. Mtu asiyejua kwamba anafanya jambo la aibu angeieleza.

Huyu mdogo alisoma. Wawili wa katikati walishika njia zao, mmoja na pikipiki yake Nkende, mwingine ameolewa upande wa pili wa mpaka. Huyu alikwenda Musoma chuo cha hoteli, na mshahara wangu wa kambini ndio uliompeleka. Alipomaliza, kambi yetu ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi. Nilimwambia meneja ninaye mdogo wangu, ana cheti, anasema Kiingereza vizuri, ana adabu. Meneja akasema aje amwone. Hilo ndilo lililomleta siku ile, na lilikuwa jambo ambalo nyumba yetu nzima ilikuwa inalisubiri. Kazi ile ingekuwa ya kwanza kwetu ya kukaa mezani.

Meneja alimpokea vizuri. Akamwambia mazungumzo yatakuwa asubuhi, ila jioni asaidie kugawa juisi kwenye moto, aonekane anavyokaa na wageni.

Nilimfuata mwongoza wageni akiwa anaosha gari.

"Leo nina homa," nikamwambia. "Uniruke."

"Homa gani, mura? Kuna kundi kubwa leo. Dakika mbili tu."

"Mdogo wangu yupo."

"Ndiyo vizuri! Aone kaka yake ni staa."

"Nakuomba."

Aliniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza aliona kwamba sikuwa natania. Kisha akatabasamu. "Usiniangushe, Wa Sita. Meneja ataniuliza mimi." Akaendelea kuosha.

Ningeweza kusema sitoki. Mguu ni wangu. Nilijiambia kwamba nikikataa leo, meneja atachukia, na kesho asubuhi mdogo wangu anakaa mbele yake. Ilikuwa sababu nzuri. Nimeitafuta kasoro yake mara nyingi sijaiona, na bado haikunisaidia nilipokuwa nimesimama nyuma ya mti na shuka begani.

Nilimwona kupitia mwanga wa moto. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi jikoni, ameshika sinia la bilauri, anainama vizuri mbele ya kila mgeni, anasema nao kidogo, nao wanatabasamu. Mzee mmoja alisimama kumpisha apite. Nilijisikia fahari, na nilikuwa bado naisikia fahari hiyo wakati vidole vinahesabiwa. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

Kidole kikanielekea. Nikatoka.

Nilikunja uso, nikakanyaga chini, nikaguna. Walipiga kelele na kucheka kama kawaida. Mwongoza wageni alinishika mkono, akauinua kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya kovu na kueleza kwa sauti ya chini, safari hii kirefu kuliko siku zote. Mama mmoja alijifunika mdomo. Aliponigeukia kwa ile namna tuliyozoea, nilitikisa kichwa kukubali.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya viti. Sinia halikuanguka. Ningependelea lianguke. Alimaliza kugawa bilauri zilizobaki, moja baada ya nyingine, na mgeni aliposema asante alijibu karibu.

Nilimkuta kwenye bomba la nyuma ya jiko akisuuza sinia ambalo lilikuwa safi. Nilikuwa nimeshavua shuka. Nilisimama mbali kidogo.

"Unajua alichosema kuhusu mkono?" akauliza bila kugeuka.

"Najua. Simba."

"Hakusema simba."

Aliligeuza sinia, akaendelea kulisuuza.

"Amesema ni panga. Amesema koo mbili zilipigana kwenu, ukakatwa hapo, na aliyekukata ukamuua. Kwamba ndiyo maana ulikimbia kwenu, huwezi kurudi. Akakuuliza kama ni kweli." Alifunga bomba. "Ukakubali kwa kichwa."

"Sikuwa naelewa."

"Umeanza lini kukubali usichoelewa?"

Swali hilo alikuwa na haki nalo, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea akijua kwamba mtu hatii saini mahali ambapo hajasoma. Aliuangalia mkono wangu. Niliuweka nyuma, kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari.

"Ule ni uji wangu," akasema. Akachukua sinia lake. "Lala salama, kaka."

Hakuwahi kuniita kaka kabla ya hapo. Ni neno zuri, halina kosa lolote. Nilisimama pale bombani mpaka miguu ikaingia baridi.

Asubuhi niliitwa kwa redio niende ofisi ya meneja. Nilidhani ni habari njema, wamemaliza, wananiita nishukuru. Mdogo wangu alikuwa amekaa na vyeti vyake mapajani. Mwongoza wageni alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha kahawa.

"Msichana wako ni mzuri sana," meneja alianza. "Kiingereza kizuri, anajieleza. Ila tatizo ni mapokezi. Mapokezi ni uso wa kambi. Asubuhi hii mgeni mmoja ameniuliza kama yule binti wa juisi ni ndugu wa yule mlinzi. Nikasema ndiyo. Ameniuliza kama ni salama yeye kushika funguo za mahema."

Mdogo wangu aliviinamia vyeti vyake.

"Mimi siamini mambo hayo," meneja akaendelea. "Lakini nyinyi wenyewe mnajijua. Mkurya akikasirika anakasirika. Siwezi kumweka mapokezi halafu mgeni akalalamika maji ya moto akapigwa kofi."

Alisema kwa kutania. Mwongoza wageni alicheka ndani ya kikombe.

"Sasa nimefikiria hivi," meneja akasema, akinigeukia mimi, maana mimi ndiye mzazi. "Asirudi mikono mitupu. Wageni wamewapenda. Tumtafutie shanga, nguo za asili, asimame na wewe kwenye moto. Kaka na dada. Atakuwa anatafsiri mwenyewe, itapendeza zaidi."

"Wa Sita na Wa Saba," mwongoza wageni akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana lilinipata. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya hema lililofuata, jina likamwendea mdogo wangu na kukaa juu yake, mbele yangu, kama vile lilikuwa linamsubiri miaka yote niliyokuwa nalivaa. Nilimwona akinitazama. Alikuwa ananingoja. Maishani mwake mote, mahali pa wakubwa, mimi ndiye niliyemsemea.

"Mama," nikasema, "hili kovu ni la uji."

"Nini?"

"La uji. Nilikuwa nampikia huyu. Alikuwa anatambaa, sufuria likapinduka, nikaweka mkono. Sijapigana na mtu. Sijaua mtu. Nimelea watoto." Sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilimsikia mwongoza wageni akiacha kunywa. "Na jina langu..." Nikalitaja.

Meneja alinitazama kwa huruma. Kweli ilikuwa huruma. "Baba, mimi nakuelewa," akasema. "Lakini hiyo ya uji, mgeni ataipiga picha ya nini?"

Mdogo wangu alisimama. Alipanga vyeti ndani ya bahasha, taratibu, kona kwa kona. "Asante mama kwa nafasi," akasema. "Na kwa malazi. Nitarudisha shuka kwa mama wa dobi." Akamshika meneja mkono kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha kuagana na mkubwa. Alipopita mlangoni alimwambia mwongoza wageni, "Samahani, nipite," akapishwa.

Nilimsindikiza barabarani. Tulisimama kwenye kivuli chembamba cha kibao cha kambi tukisubiri gari la Mugumu. Upande wa pili kulikuwa na shamba la mahindi la mtu wa Robanda, nusu yake imelazwa chini, tembo walipita.

"Wangekupa ile kazi," nikasema. "Kama si mimi."

Nilitaka anipinge. Aliangalia mahindi.

"Kule chuoni," akasema, "nilipofika tu, waliuliza nani Mkurya, wakasema huyu msimkosee atatuchinja. Miaka yote hiyo nilikuwa natembea polepole, naongea polepole, sicheki kwa nguvu. Mtu akinikanyaga mguu, mimi ndiye naomba samahani. Nikawa najiambia, wakimwona tata wangu wataelewa. Siku moja watamwona tata, watanyamaza."

Gari likaja. Alipanda akakaa dirisha la upande wa pili.

Jioni ile nilikaa mahali pangu nyuma ya mti, bila shuka, na koti langu, tochi mkononi. Sikuwa nimemwambia mtu. Vidole vikahesabiwa vikaisha, kidole cha sita kikainuka kikaelekea gizani. Sikutoka. Kikarudi, kikaelekea tena. Akaniita kwa Kiswahili, "Wa Sita! Wa Sita, toka!" Nilikaa kimya, moyo unanipiga kama siku ya kwanza ya tembo.

Kisha akasema jambo kwa Kiingereza, na wageni wakaangua kicheko kikubwa kuliko jioni zote. Hilo nililielewa bila mtafsiri. Alisema amejificha, kama wanyama wafanyavyo mtu akiwatafuta.

Jioni iliyofuata sikutoka tena, wala iliyofuata. Mwishowe meneja akasema kama sitaki moto basi niende geti kubwa la barabarani, kule ambako wageni hupita tu ndani ya magari na vioo vimefungwa. Sikuacha kazi. Watu wengine wangeacha, na hadithi yao ingekuwa nzuri zaidi. Mdogo wangu alikuwa hana kazi bado, na yule wa katikati alikuwa ameanguka na pikipiki. Nimekaa getini tangu hapo. Kwenye moto wamemweka mtu mwingine, kijana wa Nata. Wamemwambia aseme ni Mkurya.

Mdogo wangu alipata kazi nyumba ya wageni Mugumu. Pana vyumba vichache na meza ya mapokezi yenye kitambaa cha maua. Kila mara mwenye nyumba hiyo anapomsifia kwa upole wake, najua bado anatembea polepole. Tunaongea kwa simu. Huanza na "Shikamoo" na kwenda moja kwa moja kwenye habari. Haniiti tata, na kaka ameacha. Haniiti kitu. Sijamwuliza, kwa sababu naweza kufikiri majibu yote mwenyewe.

Juzi juzi alikuja getini. Alikuwa na mapumziko, ameniletea ndizi na sweta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi pale. Nilitandaza gunia kwenye benchi akakaa, tukaongea vizuri. Alinieleza mgeni aliyesahau meno yake ya bandia kwenye bilauri, yeye akamfuata nayo hadi stendi. Nilicheka na yeye akacheka, kwa nguvu, kama zamani. Nilimwambia kwamba siendi tena motoni. Akasema anajua, amesikia. Nikaona anauangalia mkono wangu wa kushoto, nao ulikuwa wazi juu ya goti, na sikuuficha. Nilidhani anakaribia kusema neno. Midomo yake ilishaanza.

Yule mzee wa Kiikoma, aliyenifundisha upepo, ndiye huniletea chai getini. Ni mtu mwema, hana baya nami. Alitokea kwenye kona ya njia na chupa yake, akaita kwa mbali kwa furaha kama anavyoita kila siku:

"Wa Sita!"

Niligeuka.

Sikuamua. Shingo iligeuka yenyewe, na mdomo ukasema "Naam" kabla sijaufunga. Nilipomrudia mdogo wangu, alikuwa amesimama, anakung'uta vumbi la gunia kwenye sketi.

"Nenda," akasema kwa upole. "Wanakuita."

Nikaenda kupokea chai.